Mia kwa Mia: Mhadhara Kuhusu Skrini ya Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi. Ndugu wenyeviti, makamu wenyeviti na wenyeviti wastaafu. Wazee wetu mliotelemka alfajiri kutoka Mgeta na Kinole mkiwa mmekalia magunia ya karoti na mikungu ya ndizi. Vijana wa kompyuta mliojazana karibu na mlango kwa sababu mnazozijua. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa, na niliyemtaja asijivune.

Kwa wachache msionifahamu, na naamini ni kwa kukosa bahati tu, mimi ndiye mtaalamu mbobezi wa chaguo-msingi katika ukanda wote huu, kuanzia stendi ya Msamvu hadi kilele cha Lupanga, na upande wa pili wa mlima pia, pale mtandao unaposhika. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Vyuo tunavyo: Sokoine kiko hapa miguuni pa mlima, Mzumbe kiko njiani kuelekea Iringa, na vyote vimejaa watu wenye shahada. Nikaona nisiwasumbue. Nikaitisha kikao cha mtu mmoja, nikajipendekeza, nikajiunga mkono, nikapita bila kupingwa.

Mada yangu inawahusu wote, hata mzee wangu pale anayesinzia. Inauliza hivi: mtu anapofungua profaila kwa mara ya kwanza, kabla hajagusa kitufe chochote, aone nini? Hicho anachochaguliwa bila kuulizwa ndicho chaguo-msingi.

Nasikia minong'ono. Nitaeleza, maana ni wajibu wa aliyejaliwa kumwelekeza asiyejaliwa. Programu ikiwa nzito, mtu wa kawaida huilaumu intaneti, huzima, huwasha, kisha humpigia mpwa wake. Mtaalamu hafanyi hivyo. Huchukua programu nyingine, ndiyo hiyo profaila, akaiagiza iichungulie ile ya kwanza ikiwa kazini. Mara 100 kwa sekunde, au 1,000, au 4,000, profaila hushtukiza na kuuliza maswali mawili: ni fanksheni ipi iko kwenye prosesa sasa hivi, na nani kaituma? Huandika jibu, huondoka, hurudi tena. Mwisho wa zoezi hujumlisha. Aliyefumaniwa kazini mara nyingi ndiye anayekula muda.

Kuchungulia ni kazi ya mashine, na mashine hailalamiki. Balaa huanza majibu yanapotakiwa kuonyeshwa. Mistari inaweza kufika elfu kumi, na skrini inabeba arobaini. Nani akae juu? Nani afichwe? Tuhesabu kwa sekunde au kwa asilimia? Tutoe orodha bapa au mti? Muda wa kusubiri uhesabiwe au uachwe? Mtu mmoja, mahali fulani, siku moja baada ya chakula cha mchana, aliamua hayo yote kwa niaba yetu. Huyo, ndugu zangu, ndiye serikali.

Vijana wa mlangoni wataniambia, "Lakini mzee, mipangilio si inabadilishwa?" Inabadilishwa na nani? Pandeni daladala ya Kihonda, msubiri simu moja iite kwa mlio ule wa kiwandani. Watu saba watajipapasa mifukoni. Kila mmoja ana menyu ya milio chungu nzima, na hakuna aliyeifungua tangu siku aliponunua simu. Binadamu huchaguliwa, kisha hukitetea alichochaguliwa utadhani alikitolea mahari.

Wakubwa wenzangu duniani wanalijua hili. Donald Knuth, mtu wa pili kwa umuhimu katika taaluma hii, alichunguza programu za watu na mwaka 1971 akaeleza kwamba sehemu isiyofika asilimia 4 ya programu kwa kawaida hula zaidi ya nusu ya muda wote. Ina maana ukihangaika na asilimia 96 iliyobaki, unapiga deki nyumba inayoungua. Mwaka 1974 akaenda mbali zaidi: akashauri kila kompaila itakayoandikwa impe mwandishi wa programu taarifa za sehemu zinazomgharimu zaidi, impe yenyewe bila kuombwa, mpaka mwandishi aamue kuizima. Mnaona ukubwa wa jambo? Alitaka chaguo-msingi liwe kuonyeshwa ukweli. Miaka 50 na ushee imepita, na sisi bado tunabishana kuhusu rangi. Rangi nitazifikia.

Nina hoja tatu. Ya kwanza ina matawi, kwa hiyo msianze kushika mikoba.

Hoja ya kwanza: nani akae juu.

Chukueni mfano wa hapa kwetu. Kuna mfanyabiashara wa viungo, ananunua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa Matombo na Mkuyuni, na ana programu ndogo ya kutolea risiti. Mwanzoni risiti ilitoka papo hapo. Wakulima walipoongezeka kwenye daftari la programu, ikawa mkulima anapimiwa, anafunga gunia lake, anasalimiana na ukoo mzima, risiti bado. Kijana aliyeiandika akaendesha profaila. Ikatoa mistari sita, kila mmoja na namba mbili. Namba ya kwanza ni muda wa jumla, yaani wa fanksheni yenyewe pamoja na wa wote iliowatuma. Ya pili ni muda binafsi, yaani jasho lake mwenyewe. Nasoma:

Anza: jumla asilimia 100, binafsi 0.
AndaaRisiti: jumla 96, binafsi 2.
TafutaMkulima: jumla 87, binafsi 4.
LinganishaMajina: jumla 83, binafsi 83.
ChoraNembo: jumla 7, binafsi 7.
SomaMipangilio: jumla 4, binafsi 4.

Mtazameni huyo wa kwanza. Anza! Jumla mia kwa mia. Hakuna lililofanyika ndani ya programu ile bila baraka zake. Na binafsi? Sifuri. Hajabeba hata kijiko. Aliita, akakaa, akasubiri kuletewa. Mimi nilipouona mstari ule machozi yalinilengalenga, kwa kuwa sikuwa nimewahi kukutana na uongozi uliokamilika kiasi kile ndani ya kompyuta.

Nani amecheka? Mgeni rasmi hajacheka.

Ukipanga kwa muda wa jumla, Anza anakaa juu, AndaaRisiti anafuata, ngazi kwa ngazi, kila mtu na cheo chake. Hiyo ni itifaki tupu. Ukipanga kwa muda binafsi, LinganishaMajina, kibarua wa mwisho kabisa ambaye kazi yake ni kushika majina mawili na kusema yanafanana au hayafanani, anapanda kukaa meza kuu! Anza anatupwa mkiani, nyuma ya mchora nembo. Hiyo ni heshima gani? Mtoto akifungua skrini hiyo atajifunza nini kuhusu wakubwa wake?

Msidhani ugomvi huu nimeuzua mimi. Zana za mwanzo za Unix zilitoa orodha bapa ya jasho binafsi, basi. Mwaka 1982 Susan Graham, Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaitangaza gprof, iliyofuata mnyororo wa nani kamwita nani na kumwandikia mwitaji sehemu ya gharama za aliowaita. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kuonekana kwenye ripoti. Na gprof ya GNU ina tabia moja ninayoihusudu: usipoikataza, inachapisha majedwali yake pamoja na maelezo marefu ya kila safu ina maana gani. Chaguo-msingi lake ni kuhutubia! Kuna swichi ya kuinyamazisha, na wapo watu wanaoitumia. Sura zao nazijua, nyingine naziona humu ukumbini.

Upande wa Python, kwa miaka mingi profaila ya cProfile ilikuwa ukiiendesha bila kuiagiza lolote, inapanga majibu kwa jina la faili na namba ya mstari. Mwenye asilimia 83 ungeweza kumkuta katikati ya orodha, ametulia tuli, amezungukwa na watu wema wenye sifuri. Hakuna aliyeonewa, hakuna aliyesifiwa, na hakuna aliyejua tatizo liko wapi. Nimewahi kuhudhuria vikao vya namna hiyo.

Kisha yakaja mapinduzi ya 2014. Watunzaji wa perf, profaila inayotembea na Linux, wakageuza chaguo-msingi: ripoti yenye mnyororo wa miito, iliyokuwa ikipangwa kwa jasho binafsi, sasa ikapangwa kwa jumla ya mzazi pamoja na watoto wake. Mtu aliyesasisha mashine yake alifungua ripoti ya programu ileile, kwenye kompyuta ileile, akakuta juu kumekaa majina mengine kabisa. Kazi ilifanywa na walewale, kwa muda uleule, ila aliyesomwa kwanza sasa ni mzazi. Safu ya jasho binafsi iliachwa pembeni yake, na wanaopenda mpangilio wa zamani wana swichi yao mpaka leo. Mimi nilishangilia. Mzazi kusomewa jasho la watoto wake ni desturi yetu tangu enzi.

Najua maadui wa itifaki wana silaha moja, na naitaja mwenyewe kabla hawajaichomoa. Watasema, "Magawa." Huyu alikuwa panya buku, mzaliwa wa Tanzania, mhitimu wa hapahapa Morogoro, akafunzwa na APOPO, shirika lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine. Alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, akanusa zaidi ya 100 ukijumlisha na masalia mengine ya silaha. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likatoa medali ya dhahabu kwa kazi hiyo. Ikavishwa nani? Mwenyekiti wa bodi? Mkurugenzi? Mratibu wa safari? Akavishwa panya! Shingoni, mbele ya kamera! Wale walipanga kwa muda binafsi bila hata kupepesa jicho. Sina neno na marehemu, alifariki Januari 2022 na heshima zake zote. Ninachouliza ni hiki: tukilea tabia hii ya kumvisha medali aliyenusa, sisi tulioidhinisha kunusa tutavaa nini?

Hoja ya pili: nani asionekane kabisa.

Kila skrini ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Kuchagua cha kuonyesha ni kuchagua cha kuficha, na hapa ndipo utaalamu wangu unapong'aa.

Kwanza kuna kusubiri. Profaila nyingi za prosesa huhesabu walio kwenye prosesa tu. Programu inayosubiri diski, inayosubiri hifadhidata ijibu, au inayosubiri mwenzake aachie kufuli, iko nje ya prosesa, kwa hiyo haimo kwenye ripoti. Mji wetu unaitwa mji kasoro bahari. Ripoti hiyo ni ripoti kasoro kusubiri. Mkulima ametoka Tegetero saa kumi alfajiri, amefika dirishani saa mbili, muhuri ameupata saa tisa alasiri. Karani aliugonga kwa sekunde moja. Mpime karani peke yake na utaapa hakuna ofisi yenye kasi kama ile Afrika nzima. Ndiyo maana mimi naunga mkono chaguo-msingi hili kwa mikono miwili: linalinda amani. Mwenye kutaka kuona benchi la wanaosubiri aingie kwenye menyu, afungue menyu ndogo iliyo ndani ya menyu hiyo, aweke alama, aanze upimaji upya. Akifika huko atakuwa amechoka, na mtu aliyechoka haandiki barua za malalamiko.

Pili kuna asilimia. Asilimia ni namba ya kiungwana kwa sababu haisemi ni asilimia ya nini. LinganishaMajina alikula 83. Ya sekunde tatu, au ya robo saa? Kijana akirekebisha programu na muda wote ukashuka kutoka sekunde 60 hadi sekunde 6, mstari wa juu unaweza kubaki na asilimia ileile, na mwenye duka akaambiwa hakuna kilichofanyika. Kinyume chake pia kinawezekana: programu ikazidi kuwa nzito huku asilimia ya yule unayemlaumu ikishuka, kwa kuwa mwenzake amevimba zaidi. Mimi katika taarifa zangu zote hutumia asilimia, na sijawahi kuulizwa swali la pili.

Tatu kuna wadogo. Zana nyingi huficha kila aliye chini ya kiwango fulani, tuseme nusu asilimia, ili skrini isichafuke. Ni usafi mzuri. Ila chukua programu yenye fanksheni 300, kila moja ikila asilimia 0.3. Zidisha: ni asilimia 90. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa hadi kumwagika huku skrini ikiwa nyeupe kama shuka la Idi. Mzee mmoja wa Bigwa aliwahi kuniuliza, "Sasa mwanangu, muda wote huo umeliwa na nani?" Nikamjibu kwamba umeliwa na wananchi, na wananchi hawana mstari.

Nne, rangi, niliahidi. Mwaka 2011 Brendan Gregg alibuni grafu ya miali. Ni picha ya mistatili iliyopandiana: kila mstatili ni fanksheni, iliyo chini yake ndiyo iliyoiita, na upana wake ni muda ilioula. Ukiitazama utadhani mlima unaungua kiangazi. Kushoto kwenda kulia si mwendo wa muda, ni alfabeti tu, ili walio sawa wakae pamoja. Na zile nyekundu, rangi ya chungwa na njano, kwa chaguo-msingi zinaokotwa kwa bahati nasibu ndani ya kundi la rangi za moto. Nyekundu haina dhambi kuliko njano. Hivyo ndivyo anavyosema aliyebuni. Mimi nashikilia kwamba nyekundu ni hatari. Yeye kabuni, sawa, lakini mimi nina kipaza sauti.

Mbunifu huyohuyo hupenda kupima mara 99 kwa sekunde badala ya 100. Eti kama programu nayo ina kazi inayoamka mara 100 kwa sekunde, mpimaji wa 100 atakuwa anaikuta mahali palepale kila akichungulia, au anaikosa kila mara, na hesabu nzima itapotoka. Wa 99 anapishana nayo kidogo kidogo na kuiona sura zote. Hoja hiyo ni sahihi. Ila 99 ni namba isiyo na adabu. Huwezi kuipeleka kwenye kikao.

Hoja ya tatu: nani mwenye haki ya kuchagua.

Jibu fupi ni mimi. Jibu refu liko nje ya dirisha hilo. Tazameni mlima, kama wingu litaruhusu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Udongo ulikuwa unamomonyoka, hilo halikuwa uongo. Maofisa wakatazama mteremko, wakamwona aliyeshika jembe mvua ikinyesha, wakamwandika yeye. Dawa ikawa matuta ya ngazi, watu wakatakiwa wayachimbe, wapende wasipende. Kwenye udongo mwepesi wa milima hii, kuchimba ngazi kuliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua wa chini usiozaa. Wakulima walisema. Walisema kwa miaka. Julai 1955, huko Matombo, umati ukakusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa.

Hapa sitanii. Lile lilikuwa chaguo-msingi lisilo na menyu ya kulibadili. Na lilitokana na kusoma safu moja: ya aliyekutwa na jembe mkononi. Hakuna aliyefuata mnyororo kuuliza kimemsukuma nini kulima pale, na kwa nini kilimo chake cha siku zote kiliwalisha babu zake. Kupanga kwa jasho binafsi nako kuna siku kunamtia hatiani kibarua kwa kosa la aliyemtuma.

Haya. Naona binti pale mlangoni ameinua mkono tangu hoja ya kwanza, na mkono sasa unatetemeka. Sema, mwanangu, ila kwa ufupi, mimi bado nina utangulizi wa hitimisho.

Marahaba. Ndiyo. Anauliza kuhusu risiti.

Anasema Anza hana cha kurekebishwa, ni mlango tu, na mlango hupitwa na kila mtu. Binti, hao ni wakubwa unaowazungumzia. Anasema LinganishaMajina naye hana kosa, kwa sababu kila akiitwa anafanya kazi yake haraka na vizuri, ila anaitwa mara nyingi mno. Anayemwita ni TafutaMkulima, ambaye kwa kila risiti anaanza daftari ukurasa wa kwanza na kulinganisha jina moja baada ya jingine mpaka ampate mhusika. Wakulima wakiwa 50 hakuna anayeona. Wakiwa elfu kumi, gunia linafungwa na ukoo unasalimiwa. Dawa, anasema, ni kumpa TafutaMkulima faharasa ya majina, aende moja kwa moja. LinganishaMajina ataitwa mara moja au mbili, na kibarua atapumzika.

Ngoja. Huyo TafutaMkulima ana ngapi? Jumla 87, binafsi 4. Hakuwa wa kwanza kwa jumla wala kwa jasho. Yuko wa tatu huku, na kule yuko na wasoma mipangilio. Yaani safu yangu isingemtaja, na ya wapinzani wangu isingemtaja.

Endelea, nakuruhusu. Anapendekeza skrini ya kwanza iwe hivi. Safu zote mbili zionekane, jumla na binafsi, bega kwa bega. Mpangilio uanze kwa muda binafsi, maana jasho ndiyo dalili. Ila ukigusa jina lolote, hapohapo likufungulie waliomwita na kila mmoja kamwita kwa gharama gani, ili usiishie kumlaumu kibarua. Juu kabisa yaandikwe muda halisi kwa saa ya ukutani: sekunde ngapi jumla, ngapi za prosesa, ngapi za kusubiri. Wadogo wakifichwa, wahesabiwe kwa mstari mmoja unaosomeka, "wengine 300, asilimia 90." Na kila kilichoamuliwa kwa niaba ya mtumiaji kiandikwe palepale kwenye skrini, chenye kitufe cha kukibadili kwa mguso mmoja, siyo ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu.

Makofi ya nini? Punguzeni makofi. Mgeni rasmi ameamka.

Binti, kaa. Nakushukuru kwa kunisaidia kufika haraka nilikokuwa naelekea taratibu. Ndugu zangu, nasoma azimio la mhadhara huu. Skrini ya kwanza itakuwa na safu zote mbili. Itapangwa kwa muda binafsi, itafungua waitaji kwa mguso mmoja, itataja kusubiri, itawahesabu wadogo, na itaonyesha kilichoamuliwa na namna ya kukiamua upya. Azimio hili litaitwa kwa jina langu, kwa kuwa limezaliwa ndani ya hotuba yangu, katika ukumbi niliouomba mimi kwa barua, na aliyelitamka alisimama baada ya kuitwa na mimi. Hivyo ndivyo muda wa jumla unavyohesabiwa, na nilidhani leo mmenielewa.

Mwandishi wa kumbukumbu, andika: mhadhiri, jumla, asilimia 100. Safu ya pili iache. Karatasi imejaa.